Barieri ya mvua haipimi mzigo, inaangalia paka sura ya gari

Kila mwaka mvua ikianza, ku mwezi wa 11, mabishano yanarudi kati yetu: je, mwenye pikapu yake mwenyewe asimamishwe ku barieri ya mvua sawa mwenye kamiyo? Wengi wetu wanasema: "Pikapu ni yangu, si ya biashara, wanipitishe." Mulinzi wa barieri anajibu: "Nyuma iko wazi, basi ni kamyoneti, isimame." Kwa maoni yangu, pande zote mbili zinagombania kitu ambacho barabara haijali. Udongo hausomi karte roze.

Kwanza tuitendee ile kanuni haki. Barieri ya mvua ni nini? Ku barabara ya udongo wanaweka muti ao chuma ya kukingama. Mvua ikinyesha, gari nzito zinasimama, na kiisha mvua zinangoja tena masaa fulani mpaka njia ikauke. Si ujinga. Sisi tuliosoma agronomia tunajua kwa nini. Udongo wetu mwekundu wa Katanga, ukiwa mukavu, unabeba mzigo kama simenti. Ukishiba mayi, nguvu yake inaanguka. Hakuna mulimaji mwenye akili anayeingiza trakta mu shamba siku ya mvua kubwa: atakandamiza udongo, na mizizi ya mahindi itateseka musimu muzima. Barabara ya udongo ni vilevile. Kamiyo moja ikipita mu matope, inachimba mifereji miwili, mayi inalala mule, na mvua ya kesho inamaliza kazi.

Tena tukumbuke ukubwa wa mambo. Inchi yetu inahesabu barabara za duara tatu: karibu kilometre 58 000 ziko chini ya Office des Routes, karibu 87 000 ni za mashamba, na karibu 7 400 za miji, chini ya OVD. Sehemu kubwa kabisa ni udongo. Bila barieri, njia za vijiji vya Kipushi, Sakania, Kasenga na Kambove zingekufa kabla ya mavuno. Kwa hiyo mimi siko kati ya wale wanaosema "toeni barieri". Barieri ibakie. Shida ni namna inavyochagua nani asimame.

Kosa la kwanza ni ile neno "kamyoneti". Ku barieri nyingi, kinachotazamwa ni sura. Jeep kubwa ya viti saba, yenye batu, mizigo na mafuta, inapita juu inaitwa gari ya batu. Pikapu tupu, yenye dereva mumoja na jembe mbili nyuma, inasimama juu iko wazi nyuma. Ni hesabu gani hiyo?

Hesabu ya kweli iko, na ni ya zamani. Kati ya 1958 na 1960, mu jimbo la Illinois kule Marekani, ba-enjinia walijenga barabara za majaribio, wakapitisha kamiyo juu yake muchana na usiku, kusudi waone mzigo unaharibu namna gani. Walikuta kama uharibifu hauongezeki sawasawa na uzito: unaongezeka karibu kwa kipeo cha nne. Maana yake hii: tuchukue ekseli, ile chuma inayobeba magurudumu ya kuume na ya kushoto. Ekseli ya pikapu iliyopakiwa vizuri tuiweke tani 2. Ya kamiyo tuiweke tani 10. Kamiyo ni mara tano ya uzito, lakini uharibifu si mara tano. Ni tano mara tano mara tano mara tano: mara 625. Yaani kamiyo moja iliyopita usiku, kisha mwenyewe "kuelewana" na mulinzi, inaweza kula barabara kuliko pikapu mia sita.

Najua mwenye kusoma vizuri atanijibu: ile majaribio ilifanywa ku barabara ya lami na ya beto, si mu matope yetu. Ni kweli. Mu matope hata pikapu inachimba, zaidi kama mapine imekwisha na dereva anazungusha magurudumu pale pale. Njo maana sisemi pikapu ipite kila saa. Nasema ipimwe kwa mzigo wake.

Na hapa nageukia wenzangu wenye pikapu. Hoja ya "ni yangu binafsi" haina nguvu. Gunia 20 za kilo 50 ni tani moja, zikuwe za kuuzisha ku soko ya Mzee Kabila ao za kupikia bukari ya nyumba yako. Na wengi wetu hatusimamie ku gunia 20. Tunafika 35, tunapandisha na batu sita juu ya gunia, kiisha tunalia ku barieri kama tunaonewa. Ile siku pikapu yako haiko tena gari ndogo.

Kosa la pili ni masaa. Ku barieri moja ambamo nilisimama na kreti za tomati mwaka uliopita, mulinzi alikuwa na neno moja tu: "Ngojeni." Saa ngapi? Hakuna aliyejua. Hakuna kibao, hakuna karatasi. Njia ya muchanga yenye mifereji mizuri inaweza kukauka mu masaa machache. Ile inayokata dambo, yenye udongo mweusi, siku nzima haitoshi. Kanuni moja ya masaa kwa njia zote ni kama kutoa dawa moja kwa wagonjwa wote. Tomati zangu zilingoja mpaka jioni, na tomati haina subira. Ile ilioza haikurudia shamba. Ilirudia ku bei, mama wa soko ya Kenya njo alilipa.

Kosa la tatu munalijua wote: franga. Ile siku niliona gari mbili nzito zikipitishwa kiisha mikono kukutana, bila risiti. Nchi iko na mufuko wa kutengeneza barabara, FONER, ulioundwa mwaka 2008, unaokula ku mafuta ya gari na ku peaje. Franga inayolipwa ku dirisha la kamiyo usiku haifiki kule. Barabara inaumia mara mbili: inabeba mzigo, na haipate hata jiwe moja la kuitengeneza.

Wengine wanafanya namna gani? Kenya wanahesabu pikapu kuwa gari ya biashara, wanaibandika alama ya kilometre 80 kwa saa nyuma, hata kama mwenyewe anabeba paka mabuku ya watoto. Ni kosa lilelile la sura. Cameroon, wao, beko na barieri ya mvua kama sisi, lakini mupaka wa gari za mizigo wanauweka ku uzito: tani 3,5. Ile namba si geni kwetu. Njo ile ile mapatano ya Vienna ya 1968 yanatumia kwa permi ya aina ya B. Pikapu ya kawaida, yenye mzigo wake wa haki, haivuki pale.

Basi kanuni nzuri ingeandikwa mu mistari mitatu ku kibao, kwa Kiswahili na Kifaransa: chini ya tani 3,5 na mzigo wa haki, pita polepole mvua ikikatika, zaidi ya hapo, simama masaa haya, ukilipa kitu, dai risiti. Mizani kubwa si lazima ku kila kijiji. Kuhesabu gunia kunatosha, na kamati ya kijiji inajua kuhesabu.

Sisi wa diplome tunapenda kuomba ruhusa ya pekee. Mimi naona tuombe kibao. Mwenye njia ya kwao yenye barieri aandike hapa chini: gari gani zinasimama, masaa ngapi, na kama risiti inatolewa. Tukikusanya majibu, tutakuwa na kitu cha kupeleka mbele ya mvua ingine.