Ngisi kwa Msomaji wa Tarime: Kasoro ya Fasili za Baharini

Katika vitabu vya kufundishia na maandishi yaliyofasiriwa kuhusu uvuvi, fasili moja hurudiwa kwa namna mbalimbali: ngisi ni mnyama wa baharini mfano wa pweza. Msomaji wa Tanga au Mkokotoni ataipokea bila taabu, kwa kuwa amemwona pweza akikaushwa juani. Lakini mpe fasili hiyo mwanafunzi wa Mugumu, wilayani Serengeti, au mwenzake wa Tarime. Atauliza pweza ni nini, na mwalimu akitafuta atajibiwa kuwa ni mnyama mfano wa ngisi. Duara limefungwa, na mtoto yumo ndani yake akisubiri mtihani.

Asili ya kasoro hii inajulikana. Kiunguja kilipochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu mwaka 1928, na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki kuanza kazi mwaka 1930, msamiati wa bahari uliingia katika lugha ya taifa ukiwa na wenyewe wa kuufahamu. Haukuhitaji kuelezwa. Leo lugha ni ya wote, ila fasili bado zinamsemesha mtu wa pwani.

Wako wanaoshauri kwamba kwa wasomaji wa bara ngisi apewe jina jepesi, mathalani "samaki wa minyiri". Ushauri huu hatuukubali. Ngisi si samaki. Hana mgongo wa mfupa wala mapezi ya miiba, na ukoo wake ni ule wa konokono na chaza. Ana mikono minane na minyiri miwili mirefu, ilhali pweza ana minane tu. Dome naye, ambaye wengi humchanganya na ngisi, ana kigamba kigumu cheupe ndani ya mwili, mahali ambapo ngisi ana utepe mwembamba unaopitisha nuru. Lugha iliyokwisha kutenga majina matatu kwa wanyama watatu haina sababu ya kuyaacha. Jina halina kosa. Kosa ni la maelezo.

Basi maelezo yaanzie wapi? Tuseme mtafsiri amepewa habari za watu wa Seattle, Marekani, ambao nyakati za baridi husimama gatini usiku, wakaelekeza taa majini na kuvua ngisi kwa mshipi. Kwa mtu wa Mara habari hii si ngeni kama inavyodhaniwa. Tangu wilaya ya Rorya ilipomegwa kutoka Tarime mwaka 2007, sehemu kubwa ya ufuko wa Ziwa Viktoria imekuwa upande wa Rorya, lakini dagaa wakavu wa ziwa hilo wanajulikana katika masoko ya Tarime na Mugumu. Nani asiyejua kuwa dagaa hao huvuliwa kwa taa, na kwamba mbalamwezi ikiwa kali wavuvi hupumzika? Ngisi naye huvutwa na nuru hiyohiyo, kwa kuwa viumbe wadogo anaowala hukusanyika hapo. Mwalimu akianza na taa na giza, nusu ya somo imekwisha.

Hapa pana hatari ambayo mtafsiri hana budi kuiangalia. Kufanana kwa uvuvi si kufanana kwa kinachovuliwa. Neno dagaa lenyewe latuonya: dagaa wa pwani, dagaa wa Kigoma na dagaa wa Ziwa Viktoria si samaki wa aina moja hata kidogo, wa Kigoma ni wa ukoo wa saladini, na wa Viktoria ni wa ukoo wa ningu. Sokoni hilo halidhuru. Katika kitabu cha elimu ya viumbe ladhuru sana. Kwa hiyo dagaa atumike kueleza jinsi ngisi anavyovuliwa, asitumike kueleza ngisi ni nini.

Neno la pili ni gati. Tumeona maandishi ya ofisini yakiita gati kila mahali chombo kinapofikia. Gati ni jengo: ukuta au jukwaa ambalo meli hulala ubavuni mwake, kama lile la bandari ya Musoma. Mahali pa wazi ufukoni wavuvi wanapopandisha mitumbwi na kuuza samaki ni mwalo kwa watu wa ziwani, na ni diko kwa watu wa pwani. Afisa akiandika kwamba gati la kijiji litengenezwe, mhandisi atakadiria saruji na nguzo, na wanakijiji walitaka banda na chanja za kuanikia. Sioni kwa nini mwalo liendelee kuhesabiwa kuwa neno la mahali, na diko lisihesabiwe hivyo.

La tatu ni ndoana, na hapa ndipo tafsiri nyingi huharibika. Mtoto anayekaa karibu na mto Mara anaijua ndoana: hutiwa chambo, kambare akameza, ncha ya kinyume ikamzuia kuchomoka. Chombo cha ngisi ni kingine. Ni kisamaki cha bandia chenye rangi, na mkiani pamezungushwa miiba mingi iliyopinda juu kama taji. Kwa kawaida hakitiwi chambo, wala miiba yake haina ncha ya kinyume. Mvuvi hukiinua na kukishusha. Ngisi hukikumbatia kwa minyiri yake, naye hunasa kwa kukumbatia huko, si kwa kumeza. Mshipi ukilegea kidogo tu, amekwenda. Mtafsiri akiandika ndoana, msomaji hataelewa kwa nini mvuvi anakazana kuvuta bila kusita.

Kwa muda, "chambo bandia cha miiba" chatosha. Lakini kabla ya kamati yoyote kukaa kuunda istilahi, waulizwe kwanza wavuvi wa Pemba na Kilwa wanakiitaje, na jina lao liandikwe pamoja na maelezo ambayo mwalimu wa Mugumu anaweza kuyasoma darasani bila kufungua ukurasa wa pweza.