Mazimbu: Jinsi shule ya ANC ilivyorithiwa na Chuo Kikuu cha Sokoine

Shule ya bweni ikifungwa, majengo yake huoza haraka. Bweni halifai kuwa nyumba ya familia, bwalo la kulishia mamia ya watu halina mpangaji, na anayekabidhiwa funguo hukabidhiwa pia mapaa yote yanayovuja. Mazimbu, pembeni mwa mji wa Morogoro, ilisalimika. Shule ya chama cha ANC cha Afrika Kusini, Solomon Mahlangu Freedom College, ambayo wengi wanaijua kwa kifupi SOMAFCO, ilikabidhiwa kwa serikali ya Tanzania Julai 1992. Hadi leo eneo hilo ni la wanafunzi, chini ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA). Tumezoea kuisimulia Mazimbu kama habari ya siasa na ukombozi, na ni haki yake. Lakini kazi ya ujenzi iliyofanyika pale ndiyo iliyoamua kama kungekuwa na cha kurithi.

Kwanza ardhi yenyewe. Baada ya maandamano ya Soweto ya Juni 1976, vijana wengi walivuka mipaka ya Afrika Kusini wakikimbia risasi na jela. ANC ilikuwa na makao Morogoro tangu miaka ya 1960, na mkutano wake mkubwa wa 1969 ulifanyika mjini humo. Mwaka 1977 Tanzania ikawapa shamba la mkonge lililotelekezwa. Nyuzi za viwandani zilikuwa zimekwisha kuivuruga biashara ya mkonge, na mashamba mengi yalikuwa yakirudi pori. Walichokikuta Mazimbu ni nyumba chache kuukuu za shamba. Waliotangulia walifyeka, wakazikarabati, wakahamia humo, na mwaka 1978 masomo yakaanza humo humo.

Uamuzi uliofuata ndio ninaouona wa maana kuliko yote. Hakuna aliyejua uhamisho ungedumu miaka mingapi, na kila mmoja aliomba uwe mfupi. Kwa hesabu ya kawaida, mtu wa namna hiyo hujenga mabanda ya bati na kuvumilia. ANC ilijenga majengo ya kudumu, tena haikuishia kwenye madarasa na mabweni. Ilijenga mji mdogo: shule ya msingi, chekechea, kituo cha akina mama na watoto kilichopewa jina la Charlotte Maxeke, nyumba za walimu, shamba la mazao na mifugo, karakana, na hospitali iliyofunguliwa 1984 kwa msaada wa wananchi wa Uholanzi. Fedha nyingi zilitoka nje, hasa nchi za Skandinavia na Uholanzi. Kazi iliongozwa na watu wa ANC wenyewe, wakiwemo mhandisi Oswald Dennis na msanifu majengo Spencer Hodgson, na kwenye saiti walikuwapo mafundi na vibarua wengi wa Kitanzania pamoja na wanafunzi.

Karakana zinastahili kutazamwa kwa makini. Kiwanda cha samani kilichoitwa kwa jina la Vuyisile Mini, mwanachama wa vyama vya wafanyakazi aliyenyongwa 1964, kilichonga samani palepale. Mradi wenye useremala wake hausubiri lori kutoka Dar es Salaam kila dirisha linapohitajika, na jengo likiharibika, aliyelitengeneza yuko jirani. Ujenzi nao ulikwenda kwa hatua: kila kundi la majengo lilianza kutumika mengine yakiwa bado yanajengwa. Ndiyo maana kiongozi wa ANC, Oliver Tambo, alipoifungua shule rasmi, tarehe 22 Agosti 1985, masomo yalikuwa yameendelea kwa takriban miaka saba.

Ukitaka kuona uzito wa uchaguzi wa mahali, itazame Dakawa, makazi ya pili ya ANC, ambayo ardhi yake ilitolewa 1982. Iko kwenye bonde la mto Wami, nchi ya mpunga. Udongo wa mfinyanzi unaoshika maji ya jaruba huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka, na nyumba iliyowekwa juu yake inadai msingi wa gharama kubwa. Tena Dakawa iko mbali na mji, wakati Mazimbu ilikuwa karibu na soko, barabara na mafundi wa Morogoro.

Kisha ikaja bahati, ingawa bahati hiyo ilikuta maandalizi. SUA ilikuwa imeanzishwa 1984 katika mji huohuo, na ilikuwa ikikua. Marufuku ya serikali ya Afrika Kusini dhidi ya ANC ilipoondolewa Februari 1990 na watu wakaanza kurudi kwao, alikuwapo jirani anayehitaji kile kile kilichokuwa kikiachwa: mabweni, madarasa, bwalo, nyumba za wahadhiri na tiba. Majengo hayakuuzwa. Yalitolewa, na jina likabaki: Kampasi ya Solomon Mahlangu, kwa heshima ya kijana aliyenyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979 akiwa na umri wa miaka 22.

Waafrika Kusini waliofia uhamishoni wamezikwa Mazimbu, na Rais Cyril Ramaphosa wa nchi yao aliyatembelea makaburi hayo Agosti 2019. Makaburi yana ulinzi wa hisia, kuta hazina. Wafadhili waliojenga walishaondoka, na chuo kikuu cha umma kinachohitaji nafasi hubomoa ukuta huu, huongeza chumba kule, huziba varanda. Sikilaumu. Ninachoomba ni kwamba kabla ya ukarabati wowote mkubwa, kila jengo lichorwe upya na kupigwa picha, na kuandikwa lilikuwa la nini na lilipewa jina la nani. Wapo mafundi wa Morogoro waliofanya kazi kwenye saiti ile. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1980 sasa amepita 60, na anaweza kuonyesha kwa kidole mahali mabomba yalipopita na misingi iliposhuka. Waitwe sasa, wazungushwe jengo kwa jengo, na wanayoyasema yaandikwe.