Kazi Nzuri ya Pampu Huonekana Umeme Ukikatika

Pampu yoyote mpya hunguruma vizuri umeme ukiwepo na fundi akiwa pembeni anasubiri malipo. Ukitaka kujua kama vinyunyizi vya kuzimia moto nyumbani vimefungwa na mjuzi, vikague kana kwamba ni saa nane za usiku mwezi wa tisa: upepo unavuma, uniti za LUKU zimeisha, chumba cha pili kimejaa magunia ya korosho. Anayejenga Namasakata, wilayani Tunduru mkoani Ruvuma, ana sababu ya kuwa mkali zaidi. Gridi ya taifa ilifika Songea mwaka 2018 kwa njia ya Makambako, lakini kuvifikia vijiji vya mbali umeme hupita nguzo nyingi porini, na gari la zimamoto halitokei mtaa wa pili.

Anza na tanki. Mwongozo wa Marekani wa nyumba za kuishi, NFPA 13D, hupiga hesabu ya vinyunyizi viwili, kwa kuwa kila kimoja hufunguka kwa joto linalokifikia chenyewe, na hutaka akiba ya maji ya dakika 10. Kinyunyizi kikitoa takriban lita 50 kwa dakika, hizo ni lita 1,000: simtanki moja tu. Mwongozo huo haulazimishi pampu iwe na umeme wa akiba. Huku kwetu usiuige hapo.

Akiba iliyo bora kuliko zote ni kimo. Kila mita 10 za maji juu ya kinyunyizi huleta shinikizo la karibu bar 1, na kinyunyizi chenyewe huhitaji walau nusu bar. Kwa hiyo tanki lililoinuliwa mita 8 au 9 juu ya dari, likiwa na bomba pana lisilo na kona nyingi, huweza kufanya kazi bila waya hata mmoja. Pampu inabaki na kazi ya kulijaza mchana. Fundi anayeuliza urefu wa mnara kabla ya kutaja betri, mpe kiti mzungumze.

Mnara usipowezekana, tazama pampu ilipokaa. Iwe nje ya nyumba na chini ya usawa wa maji, ili maji yaifuate yenyewe. Pampu inayovuta maji kutoka chini hupoteza mvuto valvu ikivuja kidogo, na usiku wa moto hakuna wa kuijaza kwa ndoo.

Kwenye betri ndiko wateja wengi hutapeliwa. Pampu ya nguvu farasi 1 hutumia takriban wati 1,100. Kwa dakika 10 hata betri moja nzima ya volti 12 na Ah 100 ina akiba ya kutosha. Kinachoiangusha ni kuwaka. Mota inapoanza kuzunguka huvuta umeme mara 3 hadi 6 ya kawaida yake, na inveta ya wati 1,500 hujizima hapo hapo. Fundi mzuri hafungi inveta chini ya wati 3,000, au huweka kifaa cha kuiwasha mota polepole. Tega sikio pia: mota ikikoroma na kupata moto haraka, inveta haitoi wimbi safi. Kisha shika nyaya za betri baada ya dakika 10. Uvuguvugu unavumilika, zikikuunguza mkono, ni nyembamba.

Jenereta la kuvuta kamba halihesabiki kama kinga ya usiku, maana mwenye kulivuta anakimbia na watoto. La kujiwasha lina thamani ikiwa huwashwa kila mwezi likiwa limebeba pampu, na petroli yake hubadilishwa kabla haijachacha. Hakikisha lina swichi ya kubadilisha umeme, lisirudishe umeme kwenye nyaya za TANESCO na kumuua fundi aliyeko juu ya nguzo.

Alama ya umahiri ambayo wengi hawaikagui ni mahali waya wa pampu ulipochukuliwa. Nyumba ikishika moto, jirani wa kwanza kufika huzima mein swichi. Waya wa pampu ukiwa umetoka baada ya swichi hiyo, amezima na maji. Uchukuliwe kabla yake, uwe na swichi yake yenye rangi nyekundu, na upite ardhini. Ukipita darini utaungua kabla ya pampu kuuhitaji.

Malipo ya mwisho yasubiri jaribio. Kata umeme wote wa TANESCO, wa nyumba na wa pampu pia, bila kumwonya fundi, fungua koki ya mwisho wa bomba, hesabu dakika 10 huku ukipima maji kwa ndoo. Yakipungua katikati, kazi bado. Yakifika mpaka mwisho, lipa, kisha rudia jaribio hilo kila mwezi. Na siku ya moto, vinyunyizi vikiwa vinafanya kazi yake, piga 114 vilevile.