Mzoga Haukusomwa, Sumu Ikapitishwa

Mliohudhuria baraza lile, huku kwetu upande wa Shinyalu, Kakamega, mlisikia hoja ikitolewa, ikiungwa mkono na kupita kabla mwenye kondoo hajamaliza hata kueleza kilichompata: nyama itiwe sumu, itupwe njiani usiku, mbwa wanaozurura waishe. Niseme mapema nisimzungushe mtu. Uamuzi ule ulikuwa mbovu, na hapa sizungumzii huruma, nazungumzia ufundi.



Hakuna aliyeuliza mzoga uko wapi. Ulikuwa umeshachunwa, ngozi imewambwa, nyama iko sufuriani. Mbwa akiua kondoo huonekana kazi yake: huuma ovyo, mapaja ya nyuma, masikio, mkia, akajeruhi wengi na kula kidogo. Chui hukaba koo. Kondoo wetu huyu alikufa angali kwenye kamba, nyasi zimekanyagwa duara kuzunguka kigingi, kamba imejizungusha mpaka ikaisha. Kwenye tope la mtaro nyayo zilikuwapo hadi watoto walipozivuruga wakienda shule. Na mbwa aliyeua usiku huamka na damu shingoni, pengine na sufu kwenye meno. Kupita boma hadi boma kufunua midomo ya mbwa ingekuwa kazi ya asubuhi moja, na mwenye mbwa angelipa. Sisi tukahukumu wote, na mwenye mbwa mla kondoo akainua mkono pamoja nasi kuunga sumu. Alikuwa na sababu gani ya kukataa?

Sasa tazama sumu inavyofanya kazi. Mbwa aliyeshiba kondoo hana haja na kipande cha nyama njiani. Anayekiokota ni yule wa nyumbani, anayelala karibu na jiko, ambaye pengine ndiye pekee aliyechanjwa mtaani. Sote tunajua kipimo: ukichanja mbwa 70 katika kila 100, kichaa cha mbwa hukosa pa kupitia. Kila mbwa mwenye kinga anayekufa kwa sumu hukushusha kutoka kwenye kipimo hicho. Kisha Ijumaa ifike, watu waelekee Lubao. Nani hapa asiyelijua soko lile la mbwa? Jioni mtu anarudi na mtoto wa mbwa ndani ya gunia, nyuma ya bodaboda, hana chanjo wala cheti. Pengo la mwenye kinga limezibwa na asiye nayo. Kuua mbwa Jumatano na kununua Ijumaa ni kupiga deki huku bomba liko wazi.

Wasomaji wa safu hii wanaujua ugomvi wangu na kamba, na sitauacha leo. Sensa ya 2019 ilihesabu Kakamega watu 618 kwa kila kilomita ya mraba. Malisho hakuna, kwa hiyo tunafunga kondoo kando ya barabara. Mchana, sawa. Kumwacha kigingini baada ya magharibi ni uzembe. Kondoo hana silaha. Kinga yake ni mbio na kundi, na wewe umemnyima vyote viwili.

Wazee wetu hawakufanya hivyo. Kondoo wao walilala ndani pamoja na kuku. Mbwa wao walifunguliwa usiku, ndiyo, lakini walifunguliwa wameshapewa ugali. Mbwa wa siku hizi hufunguliwa akajitafutie, na amejitafutia. Hata afisa wa mifugo wa enzi zile, na baiskeli yake na kisanduku cha barafu, alimjua mbwa na mwenyewe. Leo ukimtaka umpigie simu na umlipie mafuta. Nililalamika hivi hivi majosho ya mifugo yalipoachiwa kamati za wananchi miaka ya 1990, nikaambiwa napenda serikali kupita kiasi. Niambieni ni majosho mangapi yana maji leo.

Kenya ina mkakati wa 2014 hadi 2030 wa kukomesha vifo vya watu kutokana na kichaa cha mbwa, na nguzo yake ni chanjo ya mbwa kwa wingi. Sumu inabomoa nguzo hiyo. Pesa zilizochangwa kununulia sumu zingesaidia kuweka meza ya chanjo mlangoni Lubao siku ya Ijumaa, mbwa asitoke bila cheti chenye jina la aliyemnunua. Hapo kondoo akiliwa tutajua mlango wa kubisha. Na hoja ya sumu ikiletwa tena barazani, mtoa hoja aje kwanza na mzoga, na ngozi yake.