Subira na Shtaka: Saba Mahmood na Susan Hirsch juu ya Wanawake wa Kiislamu Mijini

Kitabu cha Saba Mahmood, Politics of Piety, kilichochapishwa mwaka 2005, kimekuwa mhimili wa mjadala kuhusu wanawake, jinsia na mwamko wa Kiislamu mijini. Utafiti wake ulifanywa Kairo kati ya 1995 na 1997, miongoni mwa wanawake wa matabaka mbalimbali waliokuwa wakikutana misikitini kufundishana Kurani, hadithi na fikihi. Kwa mhakiki wa fasihi ya Kiswahili, uzito wa kitabu hiki haumo katika habari za Misri peke yake. Umo katika neno ambalo Mahmood analichambua kwa makini na ambalo Waswahili wamelibeba kwa karne nyingi: subira.

Mahmood anapinga mazoea ya kuupima uwezo wa mwanamke kwa kiasi cha upinzani wake. Mtu, kwa mujibu wa hoja hiyo, hutenda pia anapojijenga ndani ya kanuni, wala si anapozivunja tu. Haya si alama ya nje ya moyo ulioumbika tayari. Ni zoezi la mwili linaloumba moyo huo. Subira nayo ni vivyo hivyo. Mwanamke mmoja wa harakati hiyo, akizungumzia masimango yanayowapata wasioolewa, anaiona subira kuwa fadhila inayotafutwa hata isipopunguza maumivu. Mwenzake asiye wa harakati anaona kwamba dawa ni kujithamini. Mahmood anaonyesha kuwa wote wawili wanatenda.

Hoja hii inaurudishia heshima Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa yapata 1858 kwa ajili ya bintiye. Wahakiki wengi wameusoma kama hati ya utii kwa mume. Ukisomwa kwa jicho la Mahmood, utendi huo ni mafunzo ya mama anayejua kwamba tabia haizaliwi bali hufinyangwa, na kwamba mwenye kufinyanga ni mwanamke mwenyewe.

Hata hivyo, hapo ndipo upungufu unapojitokeza. Ni kweli kwamba Mahmood anaeleza habari za mke anayemkabili mumewe kwa hoja za dini. Lakini uwanja wake mkuu ni darasa la msikitini, mahali ambapo fadhila hufundishwa. Swali la nini hutokea pale subira inapofika ukingoni na haki ikadaiwa mbele ya hakimu linahitaji uwanja mwingine.

Uwanja huo umechunguzwa na Susan Hirsch katika Pronouncing and Persevering, kitabu cha mwaka 1998 kuhusu mahakama za kadhi za Mombasa na Malindi. Jina la kitabu limetokana na imani iliyozoeleka: mume hutamka talaka, mke huvumilia. Mahakamani mambo ni kinyume. Wanawake husimulia, hunukuu maneno ya waume, hupanga matukio ya matumizi yaliyokatwa na mapigo waliyopata, na mara nyingi hushinda. Hirsch hafichi gharama ya ushindi huo. Anayetoa siri ya nyumba hadharani huvunja adabu ya usemi, na hivyo huthibitisha kauli kwamba wanawake hawana staha.

Vitabu hivi viwili vikisomwa pamoja, subira huonekana kuwa si kinyume cha shtaka. Kwa hakika ndiyo inayolipa shtaka uzito, kwani aliyevumilia ndiye mwenye kisa cha kueleza. Tamima katika Utengano ya Said Ahmed Mohamed (1980), mke anayefungiwa ndani na hatimaye kutalikiwa, hapaswi basi kuhukumiwa kwa unyonge wake tu. La kuulizwa ni hili: riwaya imempa uwanja gani wa kusema?

Hoja hii haina budi kupimwa nje ya miji ya pwani pia. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 170, inampa kadhi mamlaka juu ya ndoa, talaka na mirathi pale wahusika wote ni Waislamu na wameikubali mahakama yake. Haki hiyo inafuata dini, haifuati pwani. Kambi ya Kakuma, iliyofunguliwa mwaka 1992, imewaweka Waislamu kutoka Somalia na kwingineko jirani na Waturkana. Mhakiki atakayetoka Mombasa kwenda Kakuma, Lodwar au Lokori hatafaa kubeba neno subira kama kipimo kilichokwisha kukatwa. Atalazimika kusikiliza kwanza mwanamke wa huko analitaja kwa lugha gani jambo analolivumilia, na kwa lugha gani analishtakia. Hakimu akikisikia kisa hicho kwa ulimi wa mkalimani, ule ufundi wa kusimulia ambao Hirsch aliuona ukiwashindia wanawake kesi zao unaweza kupotea njiani, na haki ikapotea nao.