Funguo Zilizotupwa Hospitalini: Kesi ya Mabomu ya 1998 Ilivyojengwa

Ijumaa ya tarehe 7 Agosti 1998, baada ya saa nne na nusu asubuhi, majeruhi walianza kumiminika katika hospitali za Nairobi. Lori aina ya Toyota Dyna lilikuwa limelipuka nyuma ya ubalozi wa Marekani, kwenye kona ya Moi Avenue na Haile Selassie Avenue, na jengo jirani la Ufundi likaporomoka. Takriban wakati huohuo lori jingine, Nissan Atlas, lililipuka nje ya ubalozi jijini Dar es Salaam. Huko boza la maji lilikuwa limesimama kati ya lori na jengo, likapunguza maafa. Watu 224 walikufa katika miji yote miwili, 213 kati yao Nairobi. Wengi wao walikuwa Waafrika waliokuwa kazini au wakipita njia.

Miongoni mwa waliofika hospitali ya MP Shah alikuwemo kijana mwenye majeraha mgongoni. Alishonwa kama majeruhi wengine. Kabla ya kuondoka alificha humo hospitalini risasi na funguo alizokuwa nazo. Jina lake ni Mohamed al-Owhali, na alikuwa ameketi kando ya dereva wa lori la Nairobi.

Kesi iliyomtia hatiani inafaa kuchambuliwa hatua kwa hatua, kwa sababu inaonyesha upelelezi wa ugaidi unavyosimama mahakamani, na pale unapoyumba.

Swali la kwanza ni la mamlaka. FBI, shirika la upelelezi la serikali kuu ya Marekani lililoanzishwa 1908, liliundwa kwa kazi za ndani ya nchi. Sheria zilizopitishwa na Bunge la Marekani katikati ya miaka ya 1980 ndizo zilizolipa uwezo wa kuchunguza mashambulizi dhidi ya Wamarekani ng'ambo. Lakini sheria ya Washington haimpi kachero ruhusa ya kumkamata mtu Eastleigh, Nairobi, au kupekua nyumba Ilala, Dar es Salaam. Zaidi ya maofisa 900 wa FBI walisafiri kwa ajili ya kesi hii, na walilazimika kufanya kazi bega kwa bega na polisi wa Kenya na Tanzania. Wenyeji ndio waliokuwa na mamlaka ya kukamata, na ndio walioijua mitaa na lugha.

Hatua ya pili ilikuwa kifusi. Wapelelezi walikuwa na somo la New York: mwaka 1993, baada ya bomu la jengo la World Trade Center, kipande cha chuma chenye namba ya utambulisho wa gari kiliwapeleka hadi kwa kampuni iliyokodisha gari lile. Ndiyo maana Nairobi na Dar es Salaam vipande vya magari vilikusanywa kwa uvumilivu. Kila kipande huandikwa kilipookotwa, nani alikiokota na nani alikipokea, hadi kinapofika maabara. Rekodi hiyo ikikatika mahali pamoja, wakili wa utetezi ana haki ya kuuliza kama kielelezo kilichoko mbele ya jaji ni kile kile. Kutoka kwenye magari, upelelezi ulifika kwenye nyumba: moja katika mtaa wa Runda, Nairobi, na nyingine Ilala, Dar es Salaam.

Hatua ya tatu ilitokana na kosa la al-Owhali mwenyewe. Alitarajia kufa. Mlinzi alipokataa kufungua kizuizi, alirusha guruneti la kushtua, kisha akakimbia, na ndiyo maana majeraha yake yalikuwa mgongoni. Kwa kuwa hakuna aliyempangia njia ya kutoroka, alibaki Nairobi bila fedha wala pasipoti. Akapiga simu Yemen kuomba msaada, na akatumiwa dola 1,000. Tarehe 12 Agosti polisi wa Kenya walimkamata Eastleigh baada ya kupata taarifa za siri. Namba ile ya Yemen ikawa na thamani kubwa kwa wapelelezi, kwa kuwa ilikuwa kituo cha mawasiliano cha mtandao mzima wa al-Qaeda.

Hapa ndipo penye funzo zito zaidi. Al-Owhali alihojiwa Nairobi na Wakenya na Wamarekani pamoja. Mwaka 2001 Jaji Leonard Sand aliamua kwamba mgeni anayehojiwa na maofisa wa Marekani ughaibuni, kwa kesi itakayosikilizwa Marekani, naye analindwa na haki ya kutojitia hatiani. Fomu ya haki aliyosomewa awali haikutosha. Maneno aliyoyasema kabla haki zake hazijaelezwa kikamilifu yaliondolewa. Yale ya baada ya hapo yalikubaliwa. Yalitosha. Risasi na funguo nazo zilikuwepo, kwa sababu mfanyakazi wa usafi wa hospitali alikuwa ameziona. Tarehe 29 Mei 2001 washtakiwa wanne walikutwa na hatia, na wote wakafungwa maisha.

Mmoja wao, Mtanzania Khalfan Khamis Mohamed, alikuwa amekamatwa Cape Town mwaka 1999 na kukabidhiwa kwa FBI. Siku moja kabla ya hukumu ya New York, Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilitamka kuwa makabidhiano hayo yalivunja sheria, kwa kuwa haikutolewa ahadi kwamba hatahukumiwa adhabu ya kifo.

Sasa tulinganishe na Ahmed Ghailani, Mtanzania aliyekamatwa Pakistan mwaka 2004. Badala ya kupelekwa mahakamani, aliwekwa katika magereza ya siri ya CIA na kuhojiwa kwa mabavu, kisha Guantanamo. Alipofikishwa New York, Jaji Lewis Kaplan alimkataa shahidi muhimu wa upande wa mashtaka, kwa kuwa jina lake lilipatikana kupitia mahojiano yale ya mabavu. Mwaka 2010 Ghailani alitiwa hatiani kwa kosa moja tu na kuachiwa kwa mengine zaidi ya 280. Alifungwa maisha, lakini familia za marehemu hazikupata hukumu ya hatia kwa kifo cha hata mmoja wa ndugu zao. Mabavu yaliyodaiwa kuwa njia ya mkato yaliwanyima hukumu waliyoistahili.

Tusisahau pia kilichotangulia. Mwezi Agosti 1997, karibu mwaka mmoja kabla, nyumba ya Wadih el-Hage, mmoja wa wale washtakiwa wanne, jijini Nairobi ilipekuliwa na kompyuta ikachukuliwa. Balozi wa Marekani nchini Kenya, Prudence Bushnell, naye alikuwa ameonya kwamba jengo la ubalozi halikuwa salama. Dalili zilikuwepo mikononi mwa serikali, lakini hazikuunganishwa kwa wakati. Upelelezi mzuri wa baada ya msiba haufuti uzembe wa kabla yake, na Wakenya waliopoteza macho siku ile wana haki ya kuendelea kuuliza.

Ninapowasikia watu wakisema haki za mshtakiwa ni mwanya wa magaidi, ninakumbuka zile funguo. Zilifika mahakamani kwa sababu mfanyakazi wa usafi hakuzitupa, polisi walifuata utaratibu, na hatimaye mshtakiwa alielezwa haki zake. Watu hao walikuwa na kila sababu ya kuwa na hasira, lakini waliandika, wakahifadhi, wakasubiri. Kazi yao ingali imesimama hadi leo.