Neno Ambalo Mwana Kupona Hakulisema

Kitabu chema ni kama mzee mwenye busara: twamheshimu kwa aliyoyasema, na mara nyingine twajifunza zaidi kwa kuuliza sababu ya aliyoyanyamazia. Leo, msomaji wangu, nataka tuusome hivyo Utendi wa Mwana Kupona. Yamkini umetajiwa utungo huu darasani kuwa mfano wa mashairi ya nasaha, ukaufunika upesi kwa kudhani kuwa ni mambo ya mabibi wa kale. Tuufunue tena tukiwa na swali moja: mama huyu, aliyempenda sana binti yake, alimwambia nini juu ya hedhi?

Kwanza tumjue mtungaji. Mwana Kupona binti Mshamu alikuwa mtu wa Pate, katika visiwa vya Lamu. Mumewe, Bwana Mataka, alikuwa mtawala wa Siyu, mji uliosifika kwa kukataa amri ya Masultani wa Zanzibar. Bwana huyo alifariki mwaka 1856. Miaka miwili baadaye, yaani 1858, mjane wake alimtungia binti yao, Mwana Hashima, utendi wa beti 102. Alikuwa mgonjwa alipoutunga, wala hakuishi muda mrefu baada ya hapo. Kwa hiyo tusomapo maneno yake tukumbuke kwamba twasikiliza mtu aliyejua kuwa wakati wake ni mchache.

Sifa ya kwanza ya utendi huu imo katika namna ya kuanza. Mama haanzi kwa amri. Anamwita binti aje karibu, aketi, alete wino na karatasi. Kisha anamweleza hali yake mwenyewe, kwamba ameugua mwaka mzima bila kupata nafasi ya kumwusia. Halafu anamwahidi zawadi: hirizi ya kumlinda, na kidani cha lulu na marijani cha kumpamba. Utaratibu huo una maana kubwa. Ukaribu watangulia, ukweli wafuata, na zawadi yaja ya tatu. Mafundisho yanakuja baada ya hayo yote. Mimi ni mwalimu, nami nilifundishwa katika chuo cha ualimu jinsi ya kuandaa somo. Walakini sijaona maandalio mazuri kuliko haya.

Sifa ya pili ni kwamba mama huyu haogopi kuutaja mwili. Ataja kuoga, kusinga, kujifukiza na kujipamba. Ataja usingizi wa mume na kunyolewa kwa ndevu zake. Ataja usafi wa nyumba. Mambo ya dini na mambo ya chumbani yamo katika utungo mmoja, wala moja halimwonei haya mwenziwe.

Hapo ndipo swali letu linapokuwa gumu. Ikiwa haya haikumzuia kutaja hayo, mbona nasaha zake hazina ubeti wa kumweleza binti damu ya mwezi? Msomaji mwepesi atasema, "Watu wa kale waliona aibu." Jibu hilo halitoshi. Tazama mambo matatu. Kwanza, Mwana Hashima alikuwa na umri upatao miaka 17. Jambo lenyewe lilikwisha kumfikia. Pili, katika elimu ya dini, hukumu za hedhi zilifundishwa waziwazi pamoja na mlango wa tohara, kwa maana haiwezekani kujua wakati wa kusali na kufunga bila kuzijua. Tatu, pwani yetu ilikuwa na kungwi, ambaye pengine huitwa somo: mwanamke mwenye umri, aliyepewa kazi ya kumfunda mwari alipovunja ungo. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo ameieleza kazi yake katika kitabu cha Desturi za Wasuaheli, kilichochapishwa mwaka 1903. Kwa hiyo naamini kwamba Mwana Kupona alinyamaza kwa sababu neno hilo lilikwisha kusemwa na mwingine. Kunyamaza kwake kulikuwa na mtu wa kukujaza.

Sasa tujitazame sisi. Katika nyumba nyingi kungwi ameondoka, lakini kunyamaza kumebaki. Mama humwachia mwalimu. Mwalimu humwachia mama. Na mtoto huachwa katikati kama abiria aliyefika mtoni akakuta mtumbwi umekwisha vuka.

Nayasema haya kwa kuwa yalinipata. Nilikuwa darasa la sita, katika kijiji kilicho ukingoni mwa Mto Tana, chini ya Garsen. Asubuhi moja niliona damu, nikadhani nimepasuka ndani na nitakufa. Mama yangu alinipa kipande cha leso kuukuu na sentensi moja: "Sasa umekuwa mtu mzima, jihadhari." Sikuambiwa nijihadhari na nini. Nilikaa nyumbani siku nne, na kila mwezi uliofuata nikakaa tena, hata nikaachwa nyuma katika hesabu. Simlaumu mama yangu. Alinipa yote aliyopewa. Lakini miaka mingi baadaye, tulipousoma utendi huu chuoni, nilifika kwenye wino na karatasi, nikashindwa kuendelea. Wenzangu walidhani nalilia ugonjwa wa Mwana Kupona.

Tukiutetea utendi, tusiache kuukosoa. Una upungufu mmoja ambao kungwi naye alikuwa nao: karibu kila fundisho la mwili laelekezwa kwa mume. Binti wa 1858 alitazamwa kama mke. Lakini msichana wa miaka 12 aliye mbele yangu darasani si mke wa mtu, na damu yake si barua ya posa. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 imeweka miaka 18 kuwa umri wa chini wa kuoa na kuolewa. Mtu akisema "amevunja ungo, basi yu tayari," amechanganya mambo mawili: mwili kuanza kukua, na mtu kukoma kuwa mtoto. Mahindi yakitoa ua hayajawa tayari kuvunwa. Kila mkulima wa Tana ajua hilo.

Basi neno ambalo Mwana Kupona hakuwa na haja ya kulisema, sisi twapaswa kulisema, tena kwa lugha nyepesi. Hedhi huanza aghalabu kati ya miaka 10 na 15. Kila mwezi tumbo la uzazi hujiandalia utando wa ndani. Usipohitajika, utando huo hutoka pamoja na damu. Hutoka kwa siku mbili hadi saba, na kiasi chake si kikubwa kama mtoto anavyodhani: mara nyingi ni kama vijiko viwili au vitatu vya mezani. Katika miaka miwili ya mwanzo siku zaweza kupishana bila utaratibu, na hilo si ugonjwa. Maumivu kidogo ya tumbo ni ya kawaida. Maumivu makali ya kumlaza mtu kila mwezi yafaa kupelekwa hospitali. Sodo ibadilishwe kila baada ya saa chache. Kitambaa kifuliwe kwa sabuni na kuanikwa juani, kisifichwe chini ya godoro, maana jua huua vijidudu na giza huvilea.

Serikali nayo imetenda sehemu yake. Mwaka 2004 Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani juu ya sodo, na mwaka 2017 sheria ilitamka kwamba wasichana wa shule wapewe bure. Hayo ni mambo ya kushukuriwa, hasa katika kaunti yetu, ambako mto ulipofurika mwaka 2018, na tena 2023 na 2024, jamaa nyingi zilihamia kambini zikiwa na nguo walizovaa tu. Walakini sodo haisemi. Mtoto aweza kuipokea mkononi na bado akadhani kwamba anakufa.

Mwaka uliopita binti yangu alitimiza miaka 11. Nilijaribu kumfundisha kama nifundishavyo darasani, nikiwa nimesimama, naye akatazama mlango. Nikakumbuka utendi. Siku ya pili nilimwita akae mbele yangu nimsuke nywele. Nikamwambia kwanza habari ya kipande kile cha leso, na hofu yangu ya kufa. Kisha nikamweleza mengine. Alinyamaza mpaka msuko wa tatu, ndipo akauliza, "Mama, kwa nini hukumwuliza nyanya?" Nikamjibu kweli: "Niliogopa." Akasema, "Mimi nitakuuliza." Sikupata kidani cha lulu cha kumpa, lakini nadhani siku ile hakukihitaji.

Nanyi wavulana msomao ukurasa huu, msidhani kuwa hayawahusu. Anayemcheka mwenzake kwa doa kwenye sketi hacheki uchafu. Acheka jambo ambalo bila hilo yeye mwenyewe asingezaliwa. Mvulana mwungwana humwazima mwenzake sweta ajifunge kiunoni, kisha akaendelea na kazi yake.

Hukumu yangu basi ni hii. Utendi wa Mwana Kupona haukukamilika kwa haja ya wakati wetu, wala haikuwa kazi yake kutukamilishia. Nasaha zake juu ya mume tuzipime kwa akili na sheria za leo. Lakini namna yake ya kumwita mtoto karibu tuitunze kama ilivyo. Nawe msomaji wangu, ikiwa nyumbani una mdogo wako wa kike aliyefika miaka tisa au kumi, usingoje asubuhi ya hofu. Mwite leo aketi. Hata kama huna wino wala karatasi, mwambie.